Mahali pa Matamshi: Konsonanti za Kiswahili baina ya Temeke na Kinondoni



Jina la Temeke lina silabi tatu na irabu moja tu, /e/, inayorudiwa mara tatu. Kinachobadilika kutoka silabi hadi silabi ni konsonanti, na konsonanti hizo tatu hazitamkiwi mahali pamoja. Katika /t/, ncha ya ulimi hupanda na kugusa ufizi nyuma ya meno ya juu, huziba mkondo wa hewa kwa kitambo, kisha huuachia ghafla. Katika /m/, ulimi hauna kazi ya kuziba. Midomo miwili ndiyo inayofungwa, na hewa hupitishwa katika chemba ya pua. Katika /k/, sehemu ya nyuma ya ulimi huinuka na kugota kwenye kaakaa laini. Ufizi, midomo, kaakaa laini: mtu anayetaja jina la wilaya yake amekwishazuru vituo vitatu vikuu vya kinywa kabla ya kumaliza neno.

Kinondoni ni jina la tabia nyingine. Likishaanza kwa /k/, ncha ya ulimi hurudi kwenye ufizi mara tatu mfululizo, kwa /n/, kwa /nd/, na kwa /n/ tena, kana kwamba haikupata ruhusa ya kwenda kwingine. Jina la kwanza husafiri. La pili hukaa. Majina haya mawili, yanayosomwa kila siku kwenye vibao vya magari na kwenye barua za serikali za mitaa, yanatosha kuwa maabara ya somo ambalo wanafunzi wengi hulifahamu kwa njia ya jedwali la kukariri tu, na ambalo mhadhara huu unakusudia kulirudisha kinywani lilikotoka.

Somo lenyewe ni mahali pa matamshi. Jambo linalolifanya listahili kujadiliwa hadharani ni kwamba katika mitaa ya Dar es Salaam matamshi ya konsonanti yamekuwa kipimo cha kumpimia mtu. Mtoto wa Mbagala anayesema *hospitari*, kijana wa Manzese anayesema *selasini*, mama wa Tandika anayesema *zahabu*, wote huchekwa, husahihishwa mbele ya watu, na mara nyingine huhesabiwa kuwa hawakusoma. Wanaowacheka kwa kawaida hawawezi kueleza ulimi wa msemaji ulikwenda wapi, na ulitakiwa kwenda wapi. Hukumu hutolewa, ushahidi haujasikilizwa.

Kinywa na jedwali lake

Kila konsonanti hueleweka kwa mambo matatu: mahali ambapo hewa inazuiwa au kubanwa, jinsi inavyozuiwa, na hali ya nyuzi sauti, yaani kama sauti ni ghuna au si ghuna. Mahali panapotamkiwa konsonanti hutokana na ala mbili: alasogezi, ambayo mara nyingi ni mdomo wa chini au sehemu fulani ya ulimi, na alatuli, ambayo ni mdomo wa juu, meno, ufizi, kaakaa gumu au kaakaa laini.

Kwa kuanzia mbele, midomo hutoa /p/, /b/ na /m/. Mdomo wa chini ukikaribia meno ya juu hutoka /f/ na /v/. Ncha ya ulimi ikikaribia meno hutoka sauti za *th* na *dh*. Ufizi hutumika kwa /t/, /d/, /s/, /z/, /n/, /l/ na /r/. Eneo la kaakaa gumu, pamoja na ukingo wake unaopakana na ufizi, ni la *ch*, *j*, *sh*, *ny* na *y*. Kaakaa laini lina /k/, /g/, *gh* na *ng'*, na kwa baadhi ya wasemaji *kh*. Mwisho kabisa, kwenye glota, iko /h/.

Jedwali hili lina sehemu mbili zinazowatatiza wanafunzi, na kosa si lao. Kwanza, sauti ya *w* huwekwa chini ya midomo, na mwanafunzi huridhika kwa kuwa anaiona midomo ikiviringwa. Lakini wakati uleule sehemu ya nyuma ya ulimi hupanda kuelekea kaakaa laini. *W* ina mahali pawili, wala si pamoja. Pili, *j* hugombaniwa. Vitabu vingine huiita kipasuo cha kaakaa gumu, vingine huiweka pamoja na *ch* katika vipasuo-kwamizi. Mwanafunzi aliyesoma vitabu viwili huandika majibu mawili, na msahihishaji aliyesoma kimoja humkata alama. Ukweli ni kwamba wasemaji wenyewe hawalingani: wapo ambao *j* yao huishia kwa mkwaruzo mfupi wa hewa, na wapo ambao hupasuka tu bila mkwaruzo.

Isitoshe, *j* hiyo pamoja na *b*, *d* na *g* zina sifa ambayo jedwali la kawaida halioneshi. Zisipotanguliwa na nazali, wasemaji wengi wa Kiswahili huzitamka huku glota ikishuka, hewa ikivutwa kidogo ndani badala ya kusukumwa nje. Anayetaka kuthibitisha na aseme *baba* polepole, kisha *mbamba*. Ataona kwamba *b* ya neno la kwanza na ile ya neno la pili hazifanani kooni, ingawa midomo imefanya kazi ileile. Wageni wanaojifunza Kiswahili hukosa sifa hii kwa miaka, na masikio ya wenyeji huwatambua kwayo pasipo kujua wametambua nini.

Lipo pia swali la jedwali la nani. Kiswahili Sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja kufuatia mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928, na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliyoanza kazi mwaka 1930 ikakisimamia. Kama msingi ungekuwa Kimvita, jedwali lingekuwa refu zaidi, kwa kuwa Kimvita hutofautisha *t* ya meno na *t* ya ufizi, na hutofautisha pia vipasuo vyenye mpumuo na visivyo na mpumuo: *paa* mnyama ana pumzi ambayo *paa* la nyumba halina, na *kaa* wa baharini vivyo hivyo mbele ya *kaa* la moto. Huko Mombasa husemwa *mato* pale Unguja panaposemwa *macho*, na *nti* pale panaposemwa *nchi*. Yaani sauti ambayo Unguja imeipeleka kaakaa gumu, Mombasa imeibakiza mbele. Hakuna aliyewahi kusema kwamba watu wa Mombasa ni wavivu wa ulimi. Husemwa kwamba wana lahaja.

Msongamano wa ufizini

Ufizi, kama ilivyoonekana, umebeba konsonanti saba. Hakuna mahali pengine kinywani penye msongamano wa namna hiyo, na si ajabu kwamba ugomvi mkubwa wa matamshi jijini Dar es Salaam umetokea hapo, kati ya /l/ na /r/.

Inafaa isemwe wazi, kwa sababu hata katika insha za shahada ya kwanza jambo hili hukosewa: anayebadilishana *l* na *r* hajakosea mahali. Zote mbili hutamkiwa ufizini, zote ni ghuna, na zote huuruhusu mkondo wa hewa uendelee. Tofauti iko katika jinsi. Katika /l/, ncha ya ulimi hukaa imegusa ufizi, na hewa hutoka pembeni mwa ulimi. Ndiyo maana sauti hiyo huitwa kitambaza. Katika /r/, ncha ya ulimi haikai; hupigapiga ufizi, na katika usemi wa kawaida wa Kiswahili pigo lenyewe mara nyingi ni moja tu, la haraka. Tofauti ya sauti hizi ni tofauti ya kukaa na kugonga, na hudumu kwa sehemu ndogo sana ya sekunde.

Lugha nyingi za Kibantu zina sauti moja tu ya aina hii, si mbili. Kizaramo, ambacho ni lugha ya wenyeji wa pwani hii kabla jiji halijawa jiji, ni mfano ulio karibu: Wazaramo wenyewe hujiita Wazalamo, na *r* iliyomo katika jina lao ni ya Kiswahili. Jina rasmi la kabila linapotamkwa na mwenye kabila huwa ni kosa la matamshi kwa mujibu wa vitabu vya shule. Jambo hilo lingestahili kicheko kama lisingekuwa na madhara.

Juu ya msingi huo wa Kizaramo limekuja jiji lenyewe. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika Mkoa wa Dar es Salaam, na ile ya mwaka 2022 ikavuka milioni 5. Wilaya za Kinondoni na Temeke, ambazo zilikuwa kubwa zaidi kabla ya Ubungo na Kigamboni kumegwa katikati ya miaka ya 2010, zimepokea sehemu kubwa ya wageni hao, kila mmoja akiwa na ufizi uliozoezwa na lugha nyingine. Msemaji ambaye lugha yake ya kwanza ina sauti moja hapokei *l* na *r* kama sauti mbili. Husikia moja yenye sura mbili, naye huitoa kwa sura yoyote inayokuja. Ndiyo maana mtu yuleyule husema *kalamu* asubuhi na *karamu* jioni, akikusudia kitu kilekile cha kuandikia.

Lakini Kiswahili hakimsamehi, kwa kuwa katika Kiswahili tofauti hiyo hubeba maana. *Kalamu* si *karamu*. *Kula* si *kura*, na wakati wa uchaguzi mwananchi anayehimizwa *kupiga kula* ana haki ya kutabasamu. Hata istilahi ya somo hili haikusalimika: *mahali* pa matamshi, likitamkwa kwa *r*, hugeuka *mahari* ya matamshi, na wazazi wa bibi harusi hawajatajwa popote.

Na kwa kuwa tahajia ya Kiswahili hufuata sauti kwa uaminifu mkubwa, tatizo la ulimi huwa tatizo la kalamu. Mtoto wa Kiingereza anayetamka vibaya anaweza bado kuandika sawasawa, kwa sababu tahajia ya Kiingereza hukaririwa neno kwa neno. Mtoto wa Kiswahili huandika anachosema. Anayesema *mahari* ataandika *mahari*, na mwisho wa mwaka atakatwa alama katika imla, katika insha, na hata katika maarifa ya jamii. Hapo ndipo jambo la fonetiki linapogeuka kuwa jambo la maendeleo ya mtoto shuleni. Adhabu inayotolewa kwa kosa hilo mara nyingi ni kurudia neno mara ishirini, na mtoto hurudia mara ishirini kosa lilelile, kwa sababu hakuna aliyemwambia ulimi ufanye nini.

Sauti zilizokuja na majahazi

Kundi la pili la matamshi yanayochekwa linahusu *th*, *dh*, *gh* na *kh*, ambazo zilizoea masikio ya pwani kwa njia ya maneno ya Kiarabu. Hapa uchunguzi wa mahali pa matamshi una faida kubwa, maana wasemaji hawabadilishi sauti hizi ovyo. Wanafuata njia mbili, na njia hizo zina mantiki.

Anayesema *selasini* kwa *thelathini*, au *zahabu* kwa *dhahabu*, amebakiza jinsi na kuhamisha mahali. Sauti ya *th* ni kikwamizi, /s/ ni kikwamizi. Zote si ghuna. Kilichotokea ni kwamba ncha ya ulimi imerudi nyuma kidogo, kutoka menoni hadi ufizini. Ni safari fupi mno, isiyofika hata upana wa ukucha. Lakini anayesema *luga* kwa *lugha*, au *gali* kwa *ghali*, amefanya kinyume: amebakiza mahali na kubadilisha jinsi. Ulimi uko palepale kwenye kaakaa laini. Badala ya kubana hewa ikwaruze, umeiziba kabisa. Sababu ya tofauti hii haiko mbali. Menoni, msemaji ana jirani wa karibu ufizini mwenye sifa zilezile, naye humwendea. Kwenye kaakaa laini hana kikwamizi kingine kilicho ghuna, hivyo huchukua kipasuo kilichopo hapo hapo. Na *kh* ilikuwa na njia yake ya tatu, ya kurudi nyuma hadi glotani: *khabari* ikawa *habari*, *khamsini* ikawa *hamsini*, nayo tahajia sanifu ikakubali bila maandamano.

Mfano wa *kh* unastahili kutazamwa tena na wale wanaoshikilia kwamba *zahabu* ni uharibifu wa lugha. Kiarabu kina konsonanti tatu tofauti ambazo Kiswahili kimezitia zote katika *dh* moja. Neno *dhahabu* lina dhali, neno *adhuhuri* lina dha, neno *dharura* lina dhadi. Mwarabu huzitenga zote tatu, na kwake mahali pa ulimi na umbo lake si jambo la hiari. Wapwani waliziunganisha kwa sababu kinywa chao hakikuzihitaji zote. Walifanya vivyo hivyo kwa *t* mbili za Kiarabu, kwa *s* mbili, na kwa *h* mbili. Hayo yalipofanywa pwani yaliitwa Kiswahili. Yanapofanywa leo Vingunguti na Yombo huitwa makosa. Mtaalamu wa lugha anaweza kukubali kwamba usanifu una mpaka na kwamba mpaka huo unafaa kufundishwa, lakini hawezi kwa dhamiri safi kusema kwamba mchakato wa kwanza ulikuwa wa werevu na wa pili ni wa ujinga. Ni mchakato mmoja.

Pamoja na hayo, sauti hizi si pambo tupu. Keko, upande wa Temeke, ni mahali panapojulikana kwa mafundi wa kutengeneza vitanda, makochi na makabati. Fundi wa hapo huuza *samani* zenye *thamani*. Msemaji asiyekuwa na *th* huuza *samani* zenye *samani*. Maseremala haohao hutumia *zana*, na mwanafunzi wa falsafa hutumia *dhana*, na akikosa *dh* atabaki na patasi mkononi. Jozi za namna hii si nyingi, na muktadha kwa kawaida huokoa maana. Lakini katika maandishi rasmi muktadha hauzuii kosa kuonekana kosa.

Kinachosikitisha zaidi ni kosa la mtu anayejisahihisha. Aliyechekwa kwa *zambi* na *zarau* hujifunza kwamba penye heshima pawekwe *dh*, naye huipeleka isikotakiwa: *thamani* huandikwa *dhamani*, tena katika barua za ofisi. Mahali ni sahihi, meno yameguswa, lakini nyuzi sauti zimetetemeka pasipohitajika, na neno *dhamana*, ambalo liko karibu na lenye maana nyingine, limezidi kuvuta. Hili si kosa la asiyesoma. Ni kosa la aliyeogopeshwa.

Nazali inayomfuata mwenzake

Kuhusu nazali, watu hawachekani, kwa sababu kinywa hufanya kazi yake kimyakimya na tahajia huificha. Chukua kivumishi kimoja kimoja mbele ya nomino ya ngeli ya *nyumba*: *-baya* huwa *mbaya*, *-dogo* huwa *ndogo*, *-geni* huwa *ngeni*. Kiambishi ni kilekile, nazali ileile, lakini mahali pake huamuliwa na konsonanti inayofuata: midomoni mbele ya *b*, ufizini mbele ya *d*, kwenye kaakaa laini mbele ya *g*. Mbele ya *j*, kama katika *njia*, huwa ya kaakaa gumu. Tahajia huonesha badiliko la kwanza tu, kwa kuandika *m*. Mengine yote huandikwa *n*, ingawa *n* ya *ndogo*, *n* ya *njia* na *n* ya *ngeni* ni sauti tatu za mahali patatu. Konsonanti nayo haisalimiki: *-refu* huwa *ndefu*, *ulimi* huwa *ndimi*, na hapo *r* na *l*, mahasimu wa ufizini, zote hugeuka *d* na ugomvi wao ukaisha.

Chang'ombe, mtaa wa Temeke, ni jina zuri kwa darasa hili. Lina nazali mbili: ya kwanza, *ng'*, imesimama peke yake kwenye kaakaa laini, na ya pili imefungwa pamoja na *b* midomoni. Mwanafunzi alinganishe *ng'* hiyo na *ng* ya Gongo la Mboto, ambayo ni nazali iliyofuatwa na kipasuo. Kiapostrofi kimoja kinabeba tofauti nzima, na wachoraji wa vibao hukiacha mara kwa mara, pengine kwa kubana matumizi ya rangi. Kwa upande mwingine, *m* ya Mtoni haiifuati *t* kwenda ufizini, kwa sababu asili yake ni silabi kamili, *mu*, iliyopoteza irabu. Inabaki midomoni na inahesabiwa silabi. Ndiyo tofauti kati ya *mbuni* ndege, mwenye silabi mbili, na *mbuni* mti wa buni, wenye silabi tatu.

Irabu nayo huvuta konsonanti. Mguso wa *k* ya Kinondoni, iliyo mbele ya *i*, uko mbele zaidi kinywani kuliko mguso wa *k* ya Kurasini, iliyo mbele ya *u*. Msukumo huo mdogo ukipewa karne kadhaa hufika kaakaa gumu kabisa: Wayao huiita lugha yao Chiyao, Wamakonde Chimakonde, Wagogo Cigogo. Kiswahili chenyewe kimefika huko pale kiambishi *ki* kinapokutana na irabu, kikasema *chakula*, *chombo* na *chumba*. Huwezi kumwelewa *mpishi* aliyetoka kwa *pika*, *mfuasi* aliyetoka kwa *fuata*, au *mlevi* aliyetoka kwa *lewa*, bila kujua kwamba irabu ya mbele iliwahi kuvuruga konsonanti iliyoitangulia, na kwamba konsonanti hiyo haikubakia ilivyokuwa.

Sauti kituoni

Mwaka 1955 watafiti wawili wa Marekani, George Miller na Patricia Nicely, walitoa matokeo ya majaribio ambamo konsonanti za Kiingereza zilisikilizwa katikati ya kelele. Waligundua kwamba kelele zinapozidi, si sifa zote za konsonanti hupotea kwa pamoja. Unazali na ughuna hustahimili sana. Mahali pa matamshi hupotea mapema. Msikilizaji bado hujua kwamba kasikia nazali, lakini hajui tena kama ni *m* au *n*. Hujua kwamba kasikia kipasuo kisicho ghuna, lakini *p*, *t* na *k* zimechanganyika.

Aliyesimama kituo cha daladala Mbagala Rangi Tatu saa kumi na mbili asubuhi hahitaji maabara ya kuthibitisha hilo. Tandika iko Temeke, Tandale iko Kinondoni. Majina hayo yana mwanzo mmoja, na abiria aliyesikia nusu ya kwanza hajasikia kitu. Tegeta na Temeke huanza kwa *te* na silabi ya pili ya kila moja ina *e*. Kinachozitenga kati ni *g* dhidi ya *m*, ambazo kwa bahati hutofautiana kwa unazali, sifa inayostahimili kelele. Kama tofauti ingekuwa ya mahali tu, watu wangepotea. Kondakta hakusoma fonetiki, ila hurudia jina mara mbili tatu, na huivuta irabu ya silabi ya pili kutoka mwisho, yenye mkazo, kwa kuwa irabu ndiyo inayobeba sauti mbali, na mpito wa kutoka konsonanti kwenda irabu ndio unaobeba habari za mahali. Anachofanya kwa nauli, mwalimu angeweza kukifanya kwa makusudi katika darasa la wanafunzi wengi, ambamo mtoto aliyekaa nyuma karibu na dirisha la barabarani husikia imla kama abiria.

Mwalimu ana faida nyingine ambayo kondakta hana: mtoto anaweza kumtazama. Midomo huonekana, meno huonekana, ncha ya ulimi kwenye *th* huonekana. Ufizi hauonekani vizuri, na kaakaa laini halionekani kabisa. Kwa hiyo *l* na *r* zinahitaji njia ya kugusa. Mtoto aambiwe avute *l* kwa muda mrefu bila kuondoa ulimi, kisha aambiwe aseme *d* nyepesi na ya haraka kati ya irabu mbili. Kutokana na *ada* iliyolegezwa huzaliwa *ara*. Kioo kidogo cha mfukoni hutosha kwa *th*. Kiganja mbele ya mdomo hutosha kwa mpumuo. Vidole viwili juu ya koo hutosha kumtenganishia *thamani* na *dhamana*. Hivi vyote havina gharama, na havimo katika mafunzo ya walimu wengi wa madarasa ya chini.

Lipo jambo moja zaidi, na wanaopanga ratiba ya herufi za kufundishwa wangefanya vyema kulitazama. Mtoto huanza darasa la kwanza akiwa na miaka sita au saba. Ndio umri uleule ambao meno ya mbele hung'oka. Konsonanti za *f*, *v*, *th* na *dh* zinategemea meno hayo moja kwa moja, na *s* na *z* huyategemea ili mkwaruzo wake usikike sawasawa. Mtoto wa Temeke anayesomewa imla yenye *thelathini* na *dhahabu* katika muhula ambao hana meno mawili ya juu anadaiwa mahali pa matamshi ambapo kwa wakati huo hapapo kinywani mwake. Vipasuo na nazali vinaweza kutangulia, *l* na *r* zikafuata kwa mazoezi ya ulimi, na sauti za meno zikaachwa hadi darasa la pili, meno mapya yakishachomoza.